Mhadhara Mkuu wa Kilemba Kilichopotea

Mheshimiwa Mwenyekiti, ndugu zangu wapiga picha za pasipoti, na wewe kijana wa mlangoni unayenirekodi kwa simu bila kibali changu: shikamooni mnaostahili, na wengine nasubiri mniamkie.

Nimeombwa (nilijiomba mwenyewe, lakini ombi ni ombi) kuzungumzia kamera ya kupimia masafa ndani ya studio yenye flashi. Mtaani kwetu elimu hii tulikuwa nayo wawili. Mwenzangu sasa anauza mkaa, na anasema analala usingizi mzuri.

Kamera yenyewe ni hii, Zorki 4, iliyoundwa Krasnogorsk, Muungano wa Kisovieti, kuanzia 1956 hadi 1973. Huchungulii kupitia lenzi kama kwenye kamera za walio wengi. Unachungulia kidirisha cha juu yake, unaona katikati mtu mmoja ana sura mbili, unazungusha lenzi mpaka sura hizo zipandane. Shemeji yangu alipochungulia alisema anaona mapacha. Nikamwambia subiri, nitakupunguzia mmoja.

Sasa flashi. Nyuma ya lenzi kuna mapazia mawili ya kitambaa. La kwanza linakimbia kufungua, la pili linalifuata kufunga. Flashi huwaka na kuzimika upesi kuliko kope, kwa hiyo lazima ikute dirisha zima liko wazi, na kwenye Zorki jambo hilo hutokea kwa 1/30 ya sekunde au polepole zaidi. Ukiweka 1/250, pazia la pili linakuwa limeshashika njia, na mwanga unapenya kwenye ufa tu. Wasiosoma huliita kosa. Katika harusi moja bwana harusi alitoka anang'aa kama sufuria mpya, na pale alipokaa bi harusi pakawa giza tupu. Ukoo ukadai pesa zake. Mimi nikadai nyongeza, maana nilikuwa nimetoa picha mbili kwa bei ya moja: ya bwana harusi, na ya usiku.

Najua kuna kamera za aina hii, kama zile Canonet, zenye shata ndani ya lenzi yenyewe, zinazokubali flashi kwa kasi yoyote mpaka 1/500. Sizitambui. Hazimjengi mtu tabia.

Chini ya kirungu cha kasi kuna kijiti chenye namba. Kiliwekwa kwa ajili ya balbu za zamani zilizokuwa zinachelewa kushika moto. Kwa flashi ya leo kikae kwenye 0. Kikisogea, flashi inawaka wakati pazia bado limefungwa, na mkanda unatoka mtupu. Picha 36 za kipaimara ziliondoka hivyo. Nilimweleza padri kwamba Roho hapigwi picha. Akaniangalia muda mrefu sana. Na ole wako ubadili kasi kabla hujavuta mkanda: mashine inaumia ndani kwa ndani. Suala la kusahau kifuniko kwenye lenzi sitaligusa. Waliokuwepo wanajua.

Hesabu? Nyepesi. Flashi yenye namba 32 kwa mkanda wa ISO 100, mtu akiwa mita 4, gawanya: f/8. Akiwa mita 2, f/16. Taa ukiirudisha nyuma mara mbili, mwanga unaobaki ni robo. Wengine wanadai kanuni hii ni ya fizikia. Mimi niliigundua peke yangu, mwezi ambao bili ya umeme ilinishinda.

Tufike kwenye roho ya mhadhara. Kidirisha kiko juu, lenzi iko chini. Mtu akiwa mbali, tofauti hiyo si kitu. Mlete karibu, mita 1, ambapo lenzi yangu ya Jupiter-8 inakomea, na sasa macho yako na lenzi vimeshapishana. Wewe unaona kilemba chote, lenzi inaona kuanzia kwenye paji la uso na kushuka mpaka kwenye vifungo. Leica M3 ya 1954 ina fremu ndani ya kidirisha inayosogea yenyewe kadiri unavyozungusha lenzi; ni sawa na kuajiri mtu akufikirie. Kwenye Zorki unaacha nafasi juu ya kichwa kwa kukisia. Nami nakisia vizuri kabisa, ila vichwa vya siku hizi vimerefuka.

Lakini nipeni haki yangu kwa hili moja. Kwenye kamera ya kioo, kioo huruka na kukuziba macho wakati uleule taa inapowaka. Mimi nachungulia moja kwa moja: flashi inapompiga mteja usoni namwona, na akifumba macho najua papo hapo, hata kama mkanda utakwenda kusafishwa wiki ijayo. Basi namrudia. Pia namtoza mara ya pili, kwa sababu aliyefumba si mimi.

Sasa vitendo. Zima feni, taa ya mwavuli isogee kushoto. Shangazi, karibu ukae kwenye kigoda. Kilemba tafadhali kivue, ukishike hapo kifuani. Ndiko lenzi inakoangalia.