Hongera kwa Risasi ya Mguu

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Usalama wa Ndani,
Jumba la Harambee, Nairobi.

Kupitia: Chifu, Naibu Kamishna wa Kaunti, Kamishna wa Kaunti, Meru, Kamishna wa Eneo, Embu, na yeyote mwingine mwenye mhuri.

KUH: KUPUNGUZA MAUAJI YA BUNDUKI BILA KUONGEZA SHERIA

Mheshimiwa,

Pokea salamu kutoka Igembe. Sisi hatujambo. Ng'ombe ndio hatujui, maana tangu waondoke hawajaandika.

Nimeshika kalamu kuipongeza serikali. Nchi nyingine zikilemewa na bunduki hukimbilia bungeni kutunga sheria. Kenya haina haja hiyo. Tunayo Sheria ya Silaha, Sura ya 114, tangu enzi za mkoloni. Raia akitaka bastola ni lazima aombe leseni, achunguzwe na aeleze anaitakia nini. Kuhusu AK-47, hata asijisumbue kuuliza. Sheria yenyewe ni kali mno, na tunaoitii tumebaki na fimbo na mbwa. Wezi wa ng'ombe wanaokuja usiku, kila mmoja na AK-47 yake begani, nadhani hawajaisoma.

Na sisi Wameru hatudanganyiki na ukali wa karatasi. Mwaka 1956 Njuri Ncheke, baraza letu la wazee, ikisukumwa na maafisa wa mkoloni, ilipiga marufuku tohara ya wasichana. Wasichana wakaingia vichakani na nyembe, wakakeketana wenyewe kwa wenyewe, wakaitwa Ngaitana, yaani “nitajitahiri mwenyewe”. Ndani ya miaka mitatu zaidi ya watu 2,400 walishtakiwa. Mahakama zilijaa, faini zikalipwa, na wembe ukaendelea na kazi yake.

Kwa hiyo siombi sheria mpya. Nataka kusifu mbinu ambazo serikali imebuni bila kugusa hata kifungu kimoja.

Ya kwanza ni shabaha. Julai 2025 Rais alielekeza kwamba anayeharibu mali ya wenzake apigwe risasi ya mguu, apitie hospitalini akielekea kortini. Hakuna mswada uliosomwa mara ya kwanza wala ya tatu. Kilichosogea ni mtutu tu, ukashuka kutoka kifuani hadi gotini. Majuto yetu ni kwamba mwongozo huo ulichelewa. Februari 2018, polisi walipokuwa wakikabiliana na maandamano ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Meru, kiongozi mmoja wa wanafunzi hao aliuawa kwa risasi, ingawa alikuwa na miguu yote miwili.

Ya pili ilitoka Embu, mji uliokuwa makao makuu ya Mkoa wa Mashariki, ambako malalamiko yetu yalikuwa yakipelekwa kupumzika. Agosti 2021 ndugu wawili wa Kianjokoma walikamatwa usiku kwa kosa la kuvunja kafyu ya korona. Baadaye maiti zao zikapatikana mochari. Polisi walieleza kwamba vijana hao waliruka kutoka kwenye gari likiwa mwendoni, na maafisa sita wakashtakiwa kwa mauaji. Angalia ustadi huo, Mheshimiwa: vijana wawili wamekwisha, na takwimu za bunduki hazikupanda hata kidogo.

Ya tatu ni ustaarabu wa kupiga hodi. Februari 2023, kabla ya operesheni ya kuwasaka wezi wa mifugo Bonde la Ufa Kaskazini, wenye bunduki haramu walipewa siku tatu wazisalimishe. Siku tatu zinamtosha mwizi kuzika bunduki, kuhamisha ng'ombe na kunywa chai. Mwaka 2019 mlikuwa wepesi zaidi: polisi wa akiba katika kaunti za wafugaji waliagizwa warudishe bunduki, nao wakazirudisha, kwa sababu zao zilikuwa na nambari na zilijulikana ziko kwa nani. Baadaye mkaanza kuajiri polisi wa akiba upya. Na pale Ngong, Novemba 2016, zaidi ya bunduki 5,000 zilichomwa moto mbele ya kamera. Moshi ulipendeza.

Baada ya pongezi, niruhusu swali moja. Miraa ikichumwa Maua asubuhi, jioni inatafunwa Eastleigh. Pickup ya miraa haisubiri mafuta, haisubiri sahihi, wala haimsubiri aliye mbele yake barabarani. Ng'ombe hana mbio hizo. Hutembea polepole, huacha nyayo, huacha kinyesi, na akimkumbuka ndama wake hulia. Inakuwaje basi mwizi aswage kundi zima kutoka Igembe kuelekea Isiolo, na asifikiwe na Land Cruiser ya serikali?

Wafugaji wana desturi ya kufuata nyayo. Zikiishia kwenye boma lako, wewe ndiwe wa kujibu. Azimio la Modogashe, lililofikiwa na wazee wa kaskazini mwaka 2001, liliweka hata fidia: ngamia 100 kwa mwanamume aliyeuawa na 50 kwa mwanamke. Hiyo nusu ya mama zetu ina aibu yake, lakini angalau kulikuwa na mtu wa kudaiwa.

Sasa tufuate nyayo za risasi. Mwaka 2008 utafiti wa shirika la Small Arms Survey la Geneva ulihitimisha kwamba karibu nusu ya risasi haramu zilizokuwa zikizunguka Turkana Kaskazini zilitoka kwa polisi wa Kenya. Watafiti hawakuhitaji mganga. Kila ganda lina alama kitakoni, na nyingi zilionyesha kiwanda cha serikali kilichoko Eldoret. Huku kwetu maganda hayo huokotwa na watoto, wakayapuliza kama filimbi.

Ombi langu basi ni dogo. Maganda yaokotwe na watu wazima, yasomwe. Kila risasi inayotoka ghalani iandikwe jina la aliyeichukua, na anayerudi nazo pungufu aeleze. Polisi wa akiba walipwe, ili bunduki ya kulinda kijiji isije ikakodishwa kununua unga. Lori la ng'ombe likisimamishwa kizuizini, afisa asome kibali cha mifugo, asihesabu kilichokunjwa ndani yake. Halafu nyayo zifuatwe mpaka zinapoishia, hata zikiishia kwenye ua wenye bendera ya taifa.

Haya yote sheria tulizonazo zinayaruhusu. Naelewa ndiyo maana ni magumu: sheria mpya humbana raia, lakini hesabu ya risasi itawabana ninyi.

Wako mtiifu,
Mfugaji mstaafu asiye na pensheni,
Igembe Kaskazini.

Nakala: Wezi wa mifugo, popote walipo. (Hawa msihangaike kuwatumia. Mipango yenu huwafikia kabla yetu.)