Barua ya Wazi kwa Microsoft: Kompyuta za Bariadi Zimekataa Kustaafu

Kwa Uongozi wa Kampuni ya Microsoft,
Redmond, Washington,
Marekani.

YAH: KOMPYUTA ZA BARIADI KUENDELEA KUFANYA KAZI BAADA YA KUTANGAZWA KUWA ZIMEKUFA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Katika steshenari za Bariadi, makao makuu ya Mkoa wa Simiyu, zimo kompyuta zinazotumia mifumo endeshi ambayo Kampuni imeshaifanyia mazishi. Windows XP ilizikwa tarehe 8 Aprili 2014, Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, na Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kila mara, kesho yake asubuhi, marehemu aliwashwa akaanza kazi. Kampuni isije ikadhani huu ni ushamba. Sababu zipo, na zinahesabika.

Kwanza ni mashine yenyewe. Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0, na kwa upande wa Intel inataka prosesa ya kizazi cha nane kwenda juu, yaani zile zilizoanza kuuzwa mwaka 2017. Kompyuta ya steshenari kwa kawaida ni ya mtumba. Ilianza maisha katika ofisi ya Ulaya au Ghuba, ikachokwa, ikafungiwa kwenye kontena, ikapita Kariakoo, ikapanda basi hadi Kanda ya Ziwa. Prosesa yake ni ya kizazi cha tatu au cha nne. Inachapa, inaprinti, haina homa. Kwa vigezo vya Kampuni ni taka. Hata hivyo pongezi zinastahili: ofisi za Ulaya zikitii agizo na kuzitupa mashine zao za Windows 10, mzigo wa mtumba utaongezeka na bei huenda ikashuka. Ni mara chache watu wa Redmond kuwafikiria wachuuzi wa Kariakoo namna hii.

Pili ni bando, na hapa Kampuni inaombwa isome polepole. Mwenye steshenari huwasha hotspoti ya simu yake na kuiunganisha na kompyuta. Mteja ni kijana aliyetoka Itilima na bahasha ya vyeti. Anataka kujaza maombi ya mkopo wa elimu ya juu kabla dirisha halijafungwa. Windows 10 inaiona hotspoti, inafurahi, na bila kubisha hodi inaanza kushusha apdeti. Bando la wiki linaisha kabla ya chai ya saa nne. Kisha kompyuta inajizima na kujiwasha, kioo kinageuka bluu, asilimia zinapanda: 12, 27, 30, zinaganda hapo. Chini yake yapo maandishi yanayoonya kwamba kompyuta isizimwe. Umeme haujui kusoma, unakatika. Kijana anakunja bahasha yake na kwenda kutafuta duka lenye Windows 7, ambayo ilikuwa na adabu ya kumwachia mwenye mali achague lini apdeti ishushwe, au isishushwe kabisa. Ndiyo maana fundi wa Bariadi akishapiga windo, yaani akishaisakinisha Windows, jambo la kwanza analofanya ni kuzima apdeti. Asiyefanya hivyo huonekana bado anajifunza.

Printa nazo zina msimamo wao. Printa ya leza iliyonunuliwa enzi za Windows 7 ina driva ya enzi hizo. Ikipelekwa kwenye windo mpya huweza kutambulika kwa jina tu, karatasi haitoki.

Lakini kubwa zaidi ni Publisher, programu ya Kampuni yenyewe. Simiyu ni mkoa wa pamba. Msimu wa ununuzi ukifunguliwa, kwa kawaida mwezi Mei, fedha zinaingia mifukoni mwa wakulima, na harusi zinafuata. Kadi za mchango, kadi za mwaliko, vyeti vya mahafali ya shule na ratiba za mazishi hutengenezwa kwa Publisher, juu ya faili la mwaka juzi: linafunguliwa, jina la bwana harusi linabadilishwa, tarehe inarekebishwa, maua ya pembeni yanabaki yaleyale. Kampuni imetangaza kwamba ifikapo Oktoba 2026 Publisher nayo itasitishwa, na wanaolipia Microsoft 365 hawatakuwa na namna ya kuyafungua mafaili yao ndani yake. Mwenye nakala kuukuu, aliyegoma kuhama, ataendelea kufungua yake. Kwa mara nyingine mkaidi ndiye atakayekula pilau.

Kuhusu mazoea hakuna haja ya maneno mengi. Kampuni yenyewe iliondoa kitufe cha Start katika Windows 8 mwaka 2012, dunia ikalalamika, kikarudi mwaka uliofuata. Aliyesubiri na Windows 7 hakupotea njia hata siku moja.

Haki itendeke: hatari ipo, na mafundi wanaijua. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilivuruga hospitali za Uingereza, kikipenya kwenye kompyuta ambazo hazikuwa zimewekewa kiraka kilichotolewa Machi. Bariadi virusi husafiri kwa flashi. Mteja anachomeka, mafolda yake yote yanageuka shotikati. Tena kwenye deskitopu ya duka hulala skani za vyeti na vitambulisho vya NIDA vya watu ambao wameshaondoka na kusahau. Kukaa bila viraka ni kuwaweka watu hao rehani.

Ila Kampuni haiwezi kusema kwamba mfu hatibiki. Katika balaa hilohilo la 2017 ilitoa kiraka cha Windows XP, miaka mitatu baada ya mazishi. Mwaka 2015 Jeshi la Majini la Marekani lilisaini mkataba wa dola milioni 9.1 ili programu zake za zamani, XP ikiwamo, ziendelee kuhudumiwa. Kumbe dawa ipo, kinachokosekana ni mkoba wa mgonjwa.

Kwa Windows 10 Kampuni imeongeza mwaka mmoja wa viraka, hadi Oktoba 2026: mtumiaji afungue akaunti ya Kampuni, kisha alipe dola 30, zaidi ya shilingi elfu sabini, au aihifadhi mipangilio ya kompyuta yake katika hifadhi ya mtandaoni ya Kampuni, jambo linalorudisha mada kwenye bando. Watumiaji wa Eneo la Kiuchumi la Ulaya, baada ya watetezi wa walaji kupiga kelele, waliondolewa masharti hayo ya malipo na kuhifadhi. Bariadi, kwa bahati mbaya ya jiografia, haimo katika eneo hilo.

Kwa hiyo Kampuni inaombwa mambo mawili. Viraka vya usalama vya Windows 10 vitolewe bure, bila akaunti, katika faili dogo linaloweza kubebwa kwa flashi hadi Maswa, Meatu na Busega. Na kama kanuni za Redmond haziruhusu hisani hiyo nje ya Ulaya, Mkoa wa Simiyu uhesabiwe kuwa Ulaya kwa muda, mpaka kompyuta zake zife zenyewe.