Barua ya Wazi kwa Afisa wa Viza

Kwa Afisa wa Viza za Schengen,
Ubalozi ninaouhifadhi jina.

YAH: HOTELI YANGU INA USUKANI

Mheshimiwa,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Awali ya yote nakupa pole kwa kazi ya kusoma taarifa za benki za watu usiowajua, hasa zile za mwisho wa mwezi.

Mimi na mke wangu tuliomba viza ili tukodi gari-nyumba Munich, tuvuke Alps kwa njia ya Brenner, tushukie Ziwa Garda, kisha turudi tukisimama popote patakapotupendeza. Dirishani nikaulizwa uthibitisho wa malazi. Nikatoa mkataba wa gari. Nikaeleza kwamba lina vitanda, jiko la gesi, friji, na choo chenye kasha ambalo mpangaji hulichomoa kwa nje na kwenda kulimwaga mwenyewe. Binti wa dirishani akaniangalia kwa huruma.

"Sawa, baba. Ila hoteli ni ipi?"

Majibu yalipotoka, kisanduku kilichowekewa alama kilisema kuna shaka kama nitaondoka Ulaya muda ukiisha. Hebu tufikiri pamoja, mheshimiwa. Anayetaka kupotelea Ulaya hushuka na begi lake mgongoni, akapokelewa na binamu, basi. Hakodi dude jeupe la mita saba, lenye kimo cha karibu mita tatu, lisiloingia maegesho ya chini ya ardhi, huku amana yake ikishikiliwa kwenye kadi ya benki. Munich wanataka kibandiko cha kijani cha moshi, Austria nao wana kibandiko chao cha barabara kuu. Kioo cha mbele kinaanza kufanana na cha daladala la Mbagala. Nikifanikiwa kujificha na kitu hicho, nipeni uraia kwa ufundi.

Halafu kuna ile kanuni yenu ya kuomba kwenye ubalozi wa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, na zikilingana, nchi utakayoingia kwanza. Kwa mtu wa hoteli, hiyo ni hesabu ya darasa la pili. Kwa sisi wenye magurudumu, mke wangu akitamani pizza siku moja zaidi, tumeshahamia ubalozi mwingine.

Na si kwamba Ulaya haijui gari-nyumba ni nini. Sheria ya barabarani ya Italia inasema likiegeshwa si kambi, mradi limesimama kwa magurudumu yake tu, halimwagi maji yake, wala halichukui nafasi kupita umbo lake. Ujerumani, dereva aliyechoka anaruhusiwa kulala kwenye maegesho ya umma usiku mmoja ili apate nguvu ya kuendelea. Akitoa kiti cha kukunja na kukiweka nje, hapo amepiga kambi, na ni kosa. Sasa naomba mwongozo: kwenye nafasi ya anwani ya malazi, niandike "nitakapochoka"?

Mkataba wa Schengen wenyewe ulisainiwa tarehe 14 Juni 1985 ndani ya meli ya abiria, Princesse Marie-Astrid, kwenye Mto Moselle, pale Luxembourg, Ujerumani na Ufaransa zinapokutana. Nchi tano zilikubaliana kulegeza mipaka zikiwa juu ya maji, na sijasikia kwamba kuna aliyewadai uthibitisho wa hoteli.

Kuhusu yuro 90 kwa kila mtu, ada ambayo hadi Juni 2024 ilikuwa 80 na ambayo hairudishwi hata ukinyimwa, sina neno. Umeme wa ubalozi nao unalipiwa.

Ninalo neno kuhusu jirani yangu. Yeye huweka nafasi kwenye hoteli nzurinzuri, zile zinazoruhusu kufuta bila gharama, akachapa karatasi zote kwa rangi. Pasipoti ikishagongwa viza, anazifuta zote kabla ya chakula cha jioni. Huyo kwenu ni msafiri wa kuaminika. Mimi niliyesema kweli nitalala wapi ndiye mwenye shaka.

Tunaomba tena mwezi ujao. Tafadhali nitajie hoteli inayoupendeza ubalozi, niiweke kwenye fomu. Nitaifuta kwa heshima zote.

Wako mtiifu,
Mwombaji