Tunaomba Mgeni Asiyefika: Barua ya Wazi kwa Bwana Afya

Kwa Bwana Afya,
Idara ya Afya na Usafi wa Mazingira,
Halmashauri mojawapo kati ya Kasulu na Kibondo (anayejijua atajijua).

YAH: MALENGO YENU MATUKUFU NA FAINI ZAKE

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Awali ya yote, hongereni kwa bango la malengo mlilotundika pale mapokezi. Kulinda afya ya jamii. Kuzuia magonjwa ya mlipuko. Chakula salama kwa wote. Elimu kwanza, adhabu baadaye. Nimelisoma lote, maana foleni yenu inampa mtu nafasi ya kusoma. Chini ya bango ipo ndoo ya kunawia mikono. Nikafungua koki, akatoka buibui. Sabuni nayo ipo, imekauka hadi imepasuka. Nikafarijika: kumbe hamtubagui, maji mnayotunyima sokoni hata wenyewe hamjipi.

Sasa nije kwenye hoja. Kijana wako kaingia sokoni na kitabu cha stakabadhi kwapani, kamkuta mama lishe wetu anasonga ugali wa muhogo, maharage yanatokota pembeni. Kaulizia kadi ya kupimwa afya, ipo, na miezi 6 haijaisha. Aproni ipo. Kilemba kipo. Kijana akaona siku inapotea, akauliza, "Wateja wako wanajisaidia wapi?" Mama akanyoosha kidole kwenye choo cha soko, kile chenye kofuli. Faini shilingi 50,000! Mama anauza sahani shilingi 1,500. Ni sahani 33 zimekwenda na bado kuna deni, hapo hujagusa hela ya kuni. Sahani ya 34 kijana alishaila kabla ya ukaguzi, akasahau kulipa.

Naomba kuuliza kwa unyenyekevu: choo kile ni cha nani? Kimejengwa na halmashauri, kofuli limenunuliwa na halmashauri, ufunguo anao mtu wa halmashauri, na mtu mwenyewe yuko semina. Kizimba cha taka nacho kimefurika maganda ya miwa na ndizi, nzi wanatoka pale kwenda moja kwa moja kwenye sufuria za mama. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imewakabidhi taka hizo ninyi, serikali za mitaa. Lakini anayeandikiwa faini ya nzi ni mama.

Bwana Afya, mkoa huu hauhitaji kufundishwa kipindupindu. Mei 2015 kilizuka katika kijiji cha Kagunga, maelfu ya wakimbizi wa Burundi wakiwa wamerundikana ufukweni bila vyoo vya kutosha wala maji safi. Watu zaidi ya 30 walikufa kwa muda mfupi, na walionusurika wengi waliletwa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu. Ugonjwa ule haukuuliza nani ana aproni. Nanyi, mkiyajua yote hayo, mnafunga choo kwa kofuli kisha mnasimama mlangoni kuuza faini! Hamkingi ugonjwa, mmegeuza haja za watu kuwa chanzo cha mapato. Mtoto akiharisha hadi macho yakaingia ndani, mama yake atampa nini, stakabadhi?

Samahani. Ni jua la kiangazi na hili vumbi jekundu. Turudi kwenye adabu.

Maombi yetu ni machache. Ufunguo akabidhiwe mwenyekiti wa soko. Kijana wako akila, alipe. Stakabadhi iandikwe kiasi kile kile kilichotoka mfukoni.

La nne ndilo kubwa: tunaomba mgeni.

Tumechunguza na kubaini kwamba idara yako ina uwezo mkubwa sana, ila huamka pale tu kiongozi anapotarajiwa. Hapo gari la taka hupata dizeli, mawe ya barabarani hupakwa chokaa, kofuli huanguka lenyewe. Shida ni kwamba mgeni akifika, huondoka, na usafi humsindikiza. Kwa hiyo tunaomba mgeni ambaye yuko njiani kila siku na hafiki kamwe.

Utaratibu tumeuandaa. Alfajiri kipaza sauti kitangaze, "Mgeni kalala Nyakanazi," kizimba kizolewe. Saa tatu, "Kapita Kakonko," mitaro izibuliwe. "Yuko Kibondo anakunywa chai," choo kifunguliwe na kupigwa deki. "Kasimama Makere kusalimia wananchi," matangi yajazwe maji. Jioni itangazwe kwamba kapatwa na dharura, ziara ni kesho. Hiyo ni njia ya soko la Kasulu; kwa soko la Kibondo, basi aanzie Manyovu, aje kwa kupitia Kasulu. Aitwe Mkuu, bila kutaja mkuu wa nini, maana nani atathubutu kuuliza? Hana posho, hana walinzi, hahitaji ngoma wala wanafunzi wa kumpungia jua likiwachoma.

Wala si jambo geni. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwaweka watu wapatao milioni 2 kwenye vikundi vya kusikiliza redio, na baada ya kusikiliza wakachimba vyoo. Ilikuwa sauti tu. Kama sauti iliweza kuwafanya wakulima wachimbe vyoo, haitashindwa kumfanya mtumishi wa umma afungue kimoja.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mla ugali wa sokoni.

Nakala kwa: Kila mfanyabiashara wa soko, Kasulu na Kibondo. Akija na kitabu cha faini, mwombeni kwanza awapeleke kwenye choo cha soko. Mkikikuta wazi na kina maji, lipeni bila kubishana. Mkikuta kofuli, aanze kulipa yeye.