Piga Hodi Ukutani Kabla ya Kutundika TV

Tangu barabara kuu ya Thika ikamilike mwaka 2012, nyumba za kupanga zimejaa kuanzia Ruiru hadi Makongeni, na kila anayehamia ana cha kutundika: TV, kioo, saa, picha ya mahafali. Kinachoamua kama kitakaa juu ni fisha, kile kibomba cha plastiki kinachotangulia skrubu. Wengi huenda dukani kuichagua kabla ya kujua ukuta wao ni wa nini. Anza na ukuta.

Hatua ya kwanza: hodi

Gonga kwa vifundo vya vidole. Ukuta ukijibu kwa sauti fupi na nzito, na vidole vikauma, hilo ni jiwe. Ukivuma kama debe tupu, hiyo ni bodi ya jipsamu. Ukuta wa mawe ukivuma mahali pamoja tu, plasta imeachana na jiwe. Shukuru kwa kuonywa, kisha usogee.

Hatua ya pili: ukuta wa mawe

Mawe mengi ya huku hutoka machimbo ya Ndarugo, upande wa Juja. Ni jiwe la majivu ya volkano, laini kiasi cha kukatwa kwa msumeno wa mashine. Kwa hiyo anza kutoboa bila kuwasha nyundo ya drili, na usiutikise mkono, maana shimo litapanuka kuliko fisha.

Fisha ya milimita 6 inatosha saa na picha. Kwa TV chukua ya 8 au 10, kulingana na skrubu za breketi. Namba ya biti ilingane na ya fisha. Plasta ina unene wa kama sentimita 2 na haibebi mzigo wowote, kwa hiyo fisha lazima ipite ikaumane na jiwe lenyewe. Zungushia biti selotepu mahali unapotaka kukomea, ukizidisha urefu wa fisha kwa sentimita moja.

Tazama vumbi linalotoka. Likiendelea kuwa la mchanga hata baada ya plasta kuisha, umeangukia kiungo cha saruji kati ya mawe mawili. Panda au shuka inchi mbili. Puliza shimo kwa mrija, macho umefumba. Fisha iingie kwa kugongwa taratibu. Ikizama kwa kusukumwa na kidole, itazunguka pamoja na skrubu.

Njiti za kiberiti ziachie jiko. Kuziba shimo kwa mti ni mbinu ya kale, na kasoro yake ni kwamba mti hukauka ukasinyaa. Mwingereza John Joseph Rawlings alitakiwa kufunga vifaa vya umeme katika jumba la makumbusho la British Museum bila kuharibu kuta. Akabuni kizibo cha nyuzi za juti kinachotanuka skrubu inapoingia, akakisajili mwaka 1911. Mwaka 1958 Mjerumani Artur Fischer akaleta cha nailoni. Kazi hii imeshafanyiwa utafiti na watu wawili makini. Wewe nunua tu pakiti.

Hatua ya tatu: jipsamu

Bodi ina unene wa milimita 12 hivi, na nyuma yake ni hewa. Fisha ya jiwe ikitanuka humo inasaga jipsamu tu. Omba ya kipepeo, ambayo hufungua mabawa nyuma ya bodi na kugawanya uzito. Toboa bila nyundo kabisa.

TV, hasa yenye breketi ya mkono unaovutika, isitegemee bodi peke yake. Pitisha sumaku ya spika iliyokufa ukutani. Inaponasa pana kichwa cha skrubu, na nyuma yake pana chuma kilichosimama wima. Vyuma hivyo huachana kwa sentimita 40 au 60. Funga breketi humo.

Hatua ya nne: umeme na maji

Nyaya hushuka au kupanda wima kufikia soketi na swichi, na mabomba vivyo hivyo kufikia mifereji. Usitoboe juu wala chini yake moja kwa moja, hata kama ndipo sofa inapotazama. Hamisha sofa.

Hatua ya tano: mtihani

Weka pima maji, kaza skrubu, kisha uivute breketi kwa mikono miwili kwa nguvu kupita uzito wa TV. Ikicheza, ni afadhali icheze sasa ikiwa tupu. Ikitulia, tundika.

Haya yote yatanguliwe na ruhusa ya mwenye nyumba. Ukihama, chomoa fisha, ziba kwa fila, piga msasa, pakaza rangi ileile. Tundu nne nadhifu huzibwa kwa jioni moja. Plasta iliyobanduka hulipwa kwa dipoziti.