Kilemba cha Ukoka kwa Onyo la Virusi

Lucian wa Samosata alimsifu nzi. Synesius wa Cyrene akausifu upara, maana wake mwenyewe ulikuwa haufichiki. Erasmus akausifu upumbavu, na sifa hizo zikachapishwa mwaka 1511. Ikiwa nzi alipata wakili, sioni kwa nini kiumbe kinachotukanwa kila siku katika saiba za Subukia kikose mtetezi. Nasema lile onyo linalochomoza pembeni mwa skrini wakati mtu anangoja karatasi yake, likitangaza kwamba kompyuta imevamiwa na virusi, kumbe mvamizi anayetajwa ni programu ya printa ambayo imeketi hapo mezani tangu mwaka juzi, ikiwatolea watu karatasi kwa shilingi 10 ukurasa.

Tuanze na ukoo, maana hapa kwetu mtu hasifiwi kabla hajatajiwa watu wake. Onyo hili si mtoto wa jana. Kufikia Ijumaa ya tarehe 23 Oktoba 2020, watu wengi wenye kompyuta za Mac walikuwa wamejaribu kuchapisha jambo dogo tu, na badala ya karatasi wakapata tangazo: faili fulani ya HP “itaharibu kompyuta yako”, afadhali uitupe kwenye pipa la taka. Chini yake palikuwa na kisanduku cha kuwekea alama ukitaka kumripoti mhalifu kwa Apple. Walioweka alama waliishtaki printa yao wenyewe. Virusi havikuwepo. Faili hizo ni za draiva, yaani programu zinazoiwezesha kompyuta kuiendesha printa, nazo hubeba cheti cha kidijitali ambacho Mac hukikagua kabla ya kuziruhusu zifanye kazi, na ni HP yenyewe iliyosababisha vyeti vya baadhi ya draiva zake za zamani vifutwe. Baadaye ikakiri kwamba haikukusudia, ikafanya kazi na Apple kuvirudisha. Ilikuwa kama mzee aliyemwandikia chifu kwamba kijana fulani hamjui, kisha akashangaa kusikia mwanawe amezuiwa langoni.

Wapo pia wahenga wa ukoo huo. Tarehe 21 Aprili 2010, McAfee, kampuni ya kukinga virusi, ilitoa sasisho lililoiona faili halali ya Windows XP, svchost.exe, kuwa virusi. Kompyuta zikawa zinajizima na kujiwasha bila kupumzika, katika ofisi na hospitali za nchi za mbali. Septemba 2012 ikawa zamu ya Sophos, na hapa navua kofia kabisa: programu yake ya kukinga virusi ilikitilia shaka chombo chake yenyewe cha kujisasisha, ikakitangaza kuwa hasidi. Ilijikamata. Nitajieni kiongozi mmoja, kuanzia wadi ya Waseges hadi Nairobi, aliyewahi kujishuku yeye kwanza kabla ya kuwashuku wengine.

Lakini uzuri wa onyo hili hauonekani vitabuni. Uje uuone Ijumaa jioni, mazishi ni kesho asubuhi kule Kabazi, ratiba 200 za rangi za ibada hazijatoka, na mpwa wa marehemu ameshika flashi mkononi kana kwamba ndiyo roho yenyewe. Nyuma yake yupo mwalimu mwenye mtihani wa mwisho wa muhula, na kijana anayetafuta kazi ambaye fomu yake ya C24 ya cheti cha tabia njema ni lazima ichapishwe pande mbili za karatasi moja. Shosho mmoja amekalia kiti cha plastiki karibu na mlango. Ghafla printa inanyamaza.

“Mama, ngoja kidogo,” mhudumu anamwambia mpwa. “Kompyuta inasema kuna virusi.”

“Imetoka kwa flashi yangu?”

“Hapana, inasema ni ya printa.”

Shosho ananyanyua kichwa. “Kijana, hiyo virusi inaambukiza watu?”

“La, shosho. Ni ya mashine tu.”

“Basi wachapishie watu wazike.”

Tazameni kazi iliyofanywa hapo. Foleni ambayo haikuwa inasalimiana sasa inacheka. Mwalimu anamwuliza mpwa marehemu alikuwa wa nyumba gani, na inatokea kwamba mwalimu alimfundisha mdogo wake mpwa. Kijana wa C24 anasogea kwenye skrini kutoa mawaidha ambayo hakuombwa. Hakuna mradi wa maridhiano uliowahi kuwakutanisha watu wa bonde hili kwa haraka hivyo, na huu haukugharimu hata posho ya kikao.

Watukanaji husema onyo hili ni jinga kwa sababu printa si mwizi. Sawa, si mwizi, lakini hebu tazama mwenendo wake. Programu ya printa huamka pale kompyuta inapowashwa, bila kuitwa. Hujificha chini chini ikipima wino. Huingiza vipande vyake katika ile huduma ya Windows inayopanga foleni ya kazi za kuchapisha, huduma yenye mamlaka makubwa kuliko ya mtu aliyeketi mbele ya kibodi. Hupiga simu kwao kuuliza kama kuna toleo jipya, huleta faili, huziendesha. Wewe uliomba draiva moja, zikashuka programu tano: ya skana, ya duka la wino, ya picha za familia, ya kukuomba maoni, na moja isiyojulikana kazi yake. Programu ya kukinga virusi haiwezi kuyajua majina ya wahalifu wote duniani, kwa hiyo hutazama pia tabia na alama. Ikimwona mtu anayeingia kwa dirisha la jikoni usiku, hupiga kelele. Kwamba mtu huyo ni mwenye nyumba aliyesahau ufunguo, hilo ni la kuulizwa baadaye.

Na mlinzi huyu ana sababu ya kuutazama mlango huo kwa jicho kali. Programu hasidi ya Stuxnet, iliyogunduliwa mwaka 2010, ilipitia ufa katika huduma hiyohiyo ya kuchapisha, pamoja na nyufa nyingine. Julai 2021 Microsoft ililazimika kutoa viraka vya dharura kwa udhaifu uliopewa jina la PrintNightmare. Hata pasipo mhalifu, ulimwengu wa printa hauishiwi vituko: mwishoni mwa mwaka 2023 watu walifungua kompyuta zao za Windows wakakuta programu ya HP Smart imejileta, hata kwa wasiokuwa na kifaa chochote cha HP, na printa za kampuni nyingine zimebatizwa HP LaserJet M101-M106. Microsoft ikatoa zana ya kuzirudishia majina yao. Katika hali hiyo, anayemlaumu mlinzi kwa wasiwasi anamwonea.

Nisisahau kwamba onyo hili linalisha watu. Lisingekuwepo, yule fundi anayepanda matatu kutoka Nakuru, akapita Bahati na kuteremka hadi huku bondeni, angekuwa na safari chache. Na fundi mzuri ni raha kumtazama. Kwanza hagusi kitu. Hafuti faili, wala haipi ruhusa, anasoma. Jina la faili ni lipi, na imekaa katika folda gani? Anafungua sifa zake kuona kama ina saini ya kidijitali, na saini ni ya nani. Kisha anaipeleka VirusTotal, ambako faili moja hupimwa na makumi ya programu za kukinga virusi kwa mpigo. Zikilalamika moja au mbili zisizojulikana na nyingine zote zimenyamaza, huenda ni kengele ya uongo. Zikipiga kelele zile kubwa, anaitenga kompyuta na mtandao na kuomba chai, kwa sababu kazi itakuwa ndefu.

Onyo likiwa ni la uongo, anaisasisha kwanza programu ya kukinga virusi, kwa kuwa makosa ya aina hii mara nyingi watengenezaji huyarekebisha wenyewe upesi. Likikaidi, anaiondoa programu yote ya printa, anawasha kompyuta upya, na kupakua draiva kutoka tovuti ya mtengenezaji wa printa, si kutoka yale magenge ya mtandaoni yanayoahidi draiva za bure kwa kila kitu chini ya jua. Kwenye Mac wakati ule wa mkasa wa HP, dawa iliyosaidia wengi ilikuwa kwenda kwenye mipangilio ya printa na skana, kuuweka upya mfumo mzima wa uchapishaji, kuifuta folda ya HP iliyobaki ndani ya Library, na kuiongeza printa tena, kwa AirPrint kama inaikubali. Mwisho kabisa, iwapo onyo bado lipo, faili hutumwa kwa watengenezaji wa programu ya ulinzi waikague, na faili hiyo moja ndiyo hupewa msamaha. Narudia, faili moja. Nimeona kompyuta ambazo diski C nzima ilipewa msamaha ili kelele ziishe, na kelele kweli ziliisha.

Yupo pia fundi wa aina nyingine. Printa za matangi ya wino, zile ambazo ndizo uti wa mgongo wa saiba zetu, huhesabu wino unaomwagika kwenye sponji ya ndani kila zinapojisafisha. Hesabu ikijaa, taa zinamulika kwa zamu na printa inagoma. Tiba yake ni kubadilisha au kusafisha sponji na kuirudisha hesabu kwenye sifuri, na programu ya kurudisha hesabu ndiyo huitwa riseta. Fundi huyu hufika na riseta ndani ya flashi. Aliipata kwa mwenzake, aliyeipata kwa mwenzake, na wa kwanza aliivunja kufuli mahali pasipotajwa. Akiichomeka tu, onyo linapaza sauti. Naye, bila kugeuka, anatamka maneno ambayo yamekuwa sala ya kufungulia kazi: “Zima antivairasi kwanza, hiyo ni uongo tu.” Mara nyingine asemalo ni kweli, maana programu iliyovunjwa kufuli huonekana mbaya hata ikiwa haina hila. Mara nyingine ndani yake mna abiria. Kwa macho, huwezi kuzitofautisha.

Mwaka 2025 jambo hilo lilitokea mahali ambapo hapakuwa na riseta wala njia ya mkato. Cameron Coward, Mmarekani anayekagua vifaa, alipokea printa ya Procolored pamoja na flashi yenye programu zake. Kompyuta ikaonya kuhusu virusi. Akaiuliza kampuni, ikamjibu kwamba ni kengele ya uongo. Hakuridhika, akatafuta msaada kwingine. Karsten Hahn wa G DATA, kampuni ya Ujerumani, alipozichunguza programu za kupakuliwa za Procolored mwezi Mei alikuta mlango wa siri uitwao XRed, na virusi vingine alivyovipa jina la SnipVex, ambavyo hungoja unakili anwani ya mkoba wa Bitcoin kisha huweka ya mwizi mahali pake. Anwani hiyo ya mwizi ilikuwa imeshapokea Bitcoin zaidi ya 9. Kampuni ikaziondoa programu hizo kwenye tovuti yake.

Wapinzani wangu watalirukia hilo kuwa ushahidi wao. Mimi naliweka juu kabisa ya sifa zote. Onyo la uongo na onyo la kweli huvaa nguo moja, hutumia maneno yaleyale, hutokea pembe ileile ya skrini saa ileile mbaya, na hakuna hata moja linalojivuna mbele ya jingine. Usawa wa namna hiyo Katiba yetu ya 2010 inaufukuzia bado.

Kwa hiyo natoa ombi. Sikukuu ya Mashujaa huwa tarehe 20 Oktoba. Siku tatu tu baadaye, tarehe 23, siku ya mkasa ule wa HP, onyo la uongo lipewe sikukuu yake, na jiji la Nakuru liandae gwaride dogo. Saiba zote zifungwe, mashine zisasishwe, kila flashi ya riseta iulizwe ilikozaliwa. Kizuizi nakiona kimoja. Oktoba ndio mwezi ambao Wakatoliki wa nchi nzima huja kuhiji kwenye madhabahu ya Bikira Maria hapa Subukia siku ya maombi ya kitaifa, na vikundi vya parokia huwa bado vinadaiwa pesa za nakala za nyimbo, orodha za mabasi na beji za mahujaji. Mwenye saiba mmoja niliyemgusia habari ya kufunga duka mwezi huo aliniuliza kama nitamlipa mimi, halafu akaniomba nisogee, nimemzibia mteja.