Sifa za Uwanja Ulio Mbali na Jina Lake

Minara ya Ulaya imesifiwa, madaraja yake yamesifiwa, hata njiwa wa Venice wamepata wa kuwapiga picha. Uwanja wa ndege wa Beauvais haujapata mtu. Umekaa kimya huko kijijini Tillé, kilomita zipatazo 85 kaskazini mwa Paris, mji ambao uwanja huo umejipachika jina lake kama mtoto wa jirani anayejitambulisha kwa ukoo wa tajiri. Ni haki mtu ausemee.

Anayekwenda Ulaya peke yake kwa mara ya kwanza hufahamiana nao usiku, kitandani, simu mkononi. Anataka kutoka Paris kwenda Milan. Treni inamwambia saa saba, na bei inayomfanya ainuke akae kitako. Ndege inamwambia saa moja na nusu, kwa nauli isiyotosha kumlisha mtu mkahawani. Nani angesita? Kidole kinagusa, pesa zinakatwa, na shule inafunguliwa.

Kwanza nasaba yake, maana mtukufu hasifiwi bila kutajwa jamaa zake. Frankfurt-Hahn, binamu wa Ujerumani, yuko kwenye vilima vya Hunsrück, mwendo wa kilomita 120 hivi kutoka Frankfurt. Wanajeshi wa anga wa Marekani walikaa hapo hadi miaka ya tisini. Mwaka 2021 kampuni iliyokuwa ikiuendesha uwanja huo ilitangaza kufilisika, na ndege hazikukoma kutua. Skavsta wa Stockholm yuko Nyköping, kama kilomita 100 kutoka mji mkuu. Torp wa Oslo anaishi Sandefjord, naye hapungui kilomita 100. Mkenya aliyeteremka kwenye treni ya SGR akitarajia Mombasa, akajikuta Miritini anatafuta matatu, atadhani anaujua ukoo huu. Hajaujua. Miritini ingali ndani ya Kaunti ya Mombasa.

Kuzaliwa kwao nako kuna hekima. Tangu mwaka 1993 Umoja wa Ulaya ulifungua anga yake, na kufikia 1997 kampuni yoyote ya nchi mwanachama iliruhusiwa kurusha ndege hata kati ya miji miwili ya nchi nyingine. Wakati huohuo Vita Baridi vilikuwa vimekwisha, vikaacha kambi zenye njia ndefu za kurukia na hakuna cha kuruka. Njia zikapata ndege, ndege zikapata ada nafuu. Kuhusu mafuta, sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2003 iliyaachia yale ya ndege za kibiashara yapite bila kodi, ilhali treni hulipia kila kilomita ya reli inayoipita. Mwaka 2023 Greenpeace walilinganisha nauli katika njia 112 za Ulaya wakakuta treni, kwa wastani, ni ghali maradufu kuliko ndege. Msafiri wetu basi si mjinga. Amesoma bei kama ilivyoandikwa.

Sasa fadhila zake.

Ya kwanza ni kiasi. Kwenye geti kuna kijisanduku cha chuma, na begi lisiloingia humo hutozwa pesa zinazoweza kuishinda nauli yenyewe. Hapo msafiri hutambua vitu anavyovihitaji kweli maishani. Mashati matatu huvaliwa kwa pamoja, soksi huingia mifukoni mwa koti, zawadi za shangazi huanza kufikiriwa upya. Wapo waliokaa kwenye semina za siku nzima kuhusu kuishi kwa vichache wasipate fundisho lililokolea namna hii.

Ya pili ni heshima kwa mgeni. Abiria mwenye pasipoti ya Ulaya hupita na simu yake, hakuna anayemuuliza hali. Mwenye pasipoti ya Tanzania au Kenya, katika baadhi ya kampuni hizi za bei poa, hutakiwa kwenda kwanza kaunta ili viza yake itazamwe, ndipo aruhusiwe kuufuata ukaguzi wa mizigo. Asiyelijua hilo hulijua akiwa mwisho wa foleni ya pili. Ni uwanja gani mwingine ungemtengea muda wa peke yake?

Ya tatu ni utalii usiotozwa kiingilio. Basi la kutoka Paris huchukua saa moja na robo hivi kukatiza mashamba, na mwisho wa safari kuna mji wa Beauvais wenye Kanisa Kuu la Mtakatifu Petro. Wajenzi wake walipandisha dari ya mawe mita 48, juu kuliko ya kanisa lolote la Kigothi, na mwaka 1284 sehemu yake ikaporomoka. Wajukuu hawakukoma. Wakasimamisha mnara wa mita 153, nao ukaanguka mwaka 1573. Ukumbi mrefu wa waumini haujajengwa mpaka leo. Uwanja wa ndege haukukosea kuchagua jirani.

Fadhila kuu, hata hivyo, ni hesabu, na uwanja huu huifundisha kwa miguu. Basi, saa moja na robo. Kuwahi kwa ajili ya kaunta na ukaguzi, saa mbili. Angani, saa moja na nusu. Kushuka, kutembea na kuulizia, nusu saa. Halafu ndege hiyo iliyoruka kutoka Paris isiyo Paris hutua Milan isiyo Milan, maana uwanja wenyewe ni wa Bergamo, kilomita kama 50 kutoka Milan: basi lingine, karibu saa nzima. Jumla ni saa sita na robo. Treni ilikuwa imesema saba. Dakika 45 zilizookolewa zimelipiwa mabasi mawili na begi moja.

Ikumbukwe pia treni inamnyima nini msafiri huyohuyo. Hupandia Gare de Lyon, hatua chache kutoka metro, na kuteremkia ndani ya Milan. Hakuna wa kumpimia begi, wala wa kumnyang'anya chupa ya maji. Atakaa dirishani aitazame milima ya Alps ikipita, ale mkate wake, asinzie. Atafika bila hadithi yoyote ya kuwapelekea nyumbani.

Haki itendeke, treni nazo hujitahidi kuwa na visa. Mwaka 2024 treni za masafa marefu za Ujerumani zilizohesabiwa kuwa zimefika kwa wakati zilikuwa asilimia 62.5, na kuchelewa kusikofika dakika 6 hakuhesabiwi. Hiyohiyo njia ya Paris na Milan ilizibwa na maporomoko ya Agosti 2023 katika bonde la Maurienne, ikafunguliwa mwishoni mwa Machi 2025. Na Mtanzania anayeulizia pasi ya treni ya Interrail, iliyoanza 1972 kwa ajili ya vijana, huambiwa si yake. Asiyeishi Ulaya hununua Eurail, iliyoanza 1959, kisha Ufaransa, Italia na Hispania humdai tena pesa ya kukata kiti kwenye treni za kasi. Ni majaribio mazuri. Lakini treni iliyochelewa bado humshusha mtu katikati ya mji, na hapo ndipo inaposhindwa.

Beauvais haimwachii mtu hivihivi. Ndege ya nauli ya chini kabisa huruka alfajiri, kwa hiyo basi lake huondoka Paris metro ikiwa bado imelala. Mgeni anasimama kwenye baridi saa tisa usiku na watu asiowajua, kila mmoja akiwa na kijibegi kidogo na umbo kubwa kupita kiasi. Dereva anafungua mlango. Wanapanda kimya, wanajibana vitini, taa zinazimwa. Na barabara nzima ya kwenda Tillé, watu wanasikika wakihangaika kufungua zipu ya koti la pili lililo chini ya la kwanza.